Daftari la Vipimo

Mimi fundi Dadi Nanguka, cherehani ya miguu,
mkabala na ghala la korosho, Tandahimba.
Nimeishia darasa la saba; hesabu ilinishinda.
Lakini niulize shule za nchi hii zilivyopangwa,
nitakujibu kwa futi kamba.

Awali: kiuno inchi ishirini, lastiki, bila zipu,
maana mtoto akibanwa hana subira.
Mama yake husimama mlangoni:
“Acha pindo, fundi. Pana. Ifike la tatu.”
Naacha vidole vinne.
La nne serikali inampima kwa karatasi,
mimi nashusha kidole kimoja.
La sita, viwili.
La saba, Septemba, korosho zikianza kudondoka,
pindo limekwisha,
umebaki mstari wa buluu iliyokoza
pale kitambaa kilipojificha jua.

Kisha matokeo. Kisha Januari.
Shule ya kata,
na mwenye mkasi analijua neno hilo.
Darasa la kwanza lilinijazia kurasa saba za daftari,
kidato cha kwanza kurasa nne.
Sketi ya kijani, marinda manane,
“nitakulipa mnada wa pili.”
Bei hupanda, hushuka; deni halina mnada.

Kidato wazee walikichonga kwenye mnazi:
kanyaga, panda, ufike penye dafu.
Hiki kingine kimechongwa kwa Kiingereza.
Somoe Chilemba, aliyekuwa hodari wa vitendawili
hata mteja akasahau alichofuata,
alikuja mwezi wa pili kubana kiuno, kimya.
Nikamuuliza, umeumwa?
“Mwalimu kauliza swali, fundi. Jibu nilikuwa nalo.
Ila jibu langu halikuwa na sare.”

Cha pili, mtihani. Cha nne, mtihani.
Kijana wa Mnyambe akaenda VETA:
ovaroli, mifuko sita, kalamu anaiweka sikioni.
Hamisi anaendesha boda kwa shati lile lile la shule,
nembo ameibandua, matundu ya sindano yanaonekana.
Wasichana wawili walirudi kwangu kabla ya mwaka
kupima gauni la harusi.
Sikuuliza. Niliandika kifua, kiuno, nyonga.

Cha tano hupangwa mbali, Songea, Tabora,
nami huletewa orodha: sketi mbili, shuka mbili,
ndoo, fagio, jembe lenye mpini.
Ukurasa huo una majina matatu.

Chuo kikuu sina ukurasa.

Kwa Maalimu Bakiri shahada ndiyo ya mwanzo,
mtoto huitamka kabla hajajua kufunga kifungo.
Serikali imeiweka mwisho kabisa,
baada ya cheti, baada ya stashahada,
baada ya fomu ya mkopo inayouliza
baba yuko hai, na kama hayuko,
cheti chake cha kifo kiko wapi.
Babake Somoe alizikwa Kitama, msimu wa mvua.
Cheti kilitafutwa miezi mitano.

Mwaka jana, Novemba, akaingia na mfuko wa nailoni.
Ndani joho jeusi, refu, la kukodi,
lirudishwe Jumatatu.
Alitaka kupiga picha na mama yake
ambaye basi la siku mbili lilimshinda.
Nikashika mkasi kwa mazoea.
“Usikate, fundi. Acha pindo.”

Vidole vinne.
Nikalipiga bandi kwa mkono, uzi mwepesi,
wa kufumuka kwa mvuto mmoja.
Nikafungua daftari, karatasi nyeupe,
nikaandika jina lake,
na penye urefu nikakaa na kalamu.

Nyuma, kurasa nyingi nyuma,
ipo ile sketi ya kijani, mnada wa pili.
Haijalipwa.
Nilimtoza bandi tu, shilingi mia tano,
akanipa elfu, akakataa chenji.